Nukta Yenye Mkia

Gari la mkunga lilifika gereji kwa kusukumwa, na kati ya watu watano waliolisukuma hakuna aliyekosa jibu. Mmoja alisema ni betri. Mwingine alisema ni betri, ila si betri yenyewe, ni moto wake. Wa tatu, mnene, ambaye njia nzima aliegemea zaidi ya kusukuma, alisema gari likifikisha umri ule lina haki ya kukataa kazi. Walipoliingiza chini ya paa la mabati walijifuta jasho, wakapeana mikono kama watu waliomaliza kesi, wakaenda zao na majibu yao.

"Linafanya tik," mkunga alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vyeupe vya kazi na sauti iliyozoea kutiiwa, na mkoba wake wa vifaa hakuuweka chini hata mara moja. "Nikizungusha ufunguo, tik. Nikirudia, tik. Taa zinawaka, honi inalia, redio inaimba, lakini injini imenuna."

"Redio yupo huku chini, nesi, na hajaimba bado," sauti ilidakia kutoka chini ya lori dogo lililokuwa upande wa pili. Ikafuatiwa na miguu miwili, kisha tumbo, kisha uso wenye grisi uliojaa tabasamu. Fundi huyo walimwita Redio kwa sababu tangu afungue kazi asubuhi mpaka aifunge jioni hapakuwa na mtu aliyewahi kufanikiwa kumzima.

"Kwa nini hamkuliwasha kwa kulisukuma?" aliuliza.

"Niachie klachi mpya kwa kishindo? Mzee mwenyewe ndiye aliyenikataza."

Mzee mwenyewe, mwenye gereji, alikuwa ameshafika, ovaroli yake ya buluu ikiwa imefunguka kifuani na fulana ikionekana ndani. Nyuma yake alikuja bintiye, aliyemaliza chuo cha ufundi mwezi uliopita na kurudi nyumbani na cheti, mita mpya ya kupimia umeme, na furaha ambayo Redio alisema itapungua akishazoea kunuka dizeli. Haikuwa imepungua bado.

"Lilianza lini?" baba aliuliza. Alikuwa na kawaida ya kuuliza kwanza, na kugusa baadaye.

"Jana."

"Likiwa baridi, au likishafanya kazi?"

"Asubuhi liliwaka. Mchana likagoma, nikiwa nimetoka kumwona mzazi. Nikakaa ndani nikalilaani, kisha nikalibembeleza, likawaka lenyewe. Leo limegoma moja kwa moja."

"Linakuja na kuondoka."

"Linakuja na kuondoka, kama uchungu wa uongo."

"Umebadilisha kitu chochote?"

"Nibadilishe nini mimi? Aliyebadilisha ni wewe. Wiki iliyopita ulinifungia klachi hapa hapa."

Baba aliitikia kwa kichwa. "Na nilipofunga nilitia nukta," alisema, na kwa watu wa gereji ile maneno hayo yalitosha kuiondoa klachi na vyote vilivyoizunguka kwenye orodha ya washukiwa.

Kanuni ya nukta ilimzidi binti umri. Kila nati aliyoikaza kwa mara ya mwisho, baba aliitia tone dogo la rangi nyeupe ya kucha, kutoka kichupa chenye brashi ndani ya kifuniko. Hapo mwanzo alitumia rangi ya milango, lakini ilikuwa inakauka koponi. Siku moja akachukua kichupa cha mkewe juu ya kabati, na tangu siku hiyo mke akawa hana rangi ya kucha, gereji ikawa nayo. Muuza vipodozi wa mtaa wa pili, aliyekuwa hamjui, alimuuliza mara ya tatu kama huyo dada anayemnunulia hachoki na rangi moja. Watu walicheka mwaka mzima. Kisha wakamwita Mzee Nukta, kisha kicheko kikaisha na jina likabaki. Nati yenye nukta maana yake imekazwa, na aliyeikaza anajulikana. Huigusi, huijaribu, unaendelea mbele. Fundi yeyote wa pale akitafuta ubovu alianza na pasipo na nukta, na kwa miaka mingi hakuhitaji kwenda kwingine.

Miezi mitatu nyuma, baba alikuwa ameamka mkono wa kulia ukiwa na ganzi. Ganzi iliisha, alisema mwenyewe. Mama hakuridhika. Siku binti alipofika nyumbani na masanduku yake, mama alizungumza mezani huku akipakua: "Sasa si mtoto amekuja? Pumzika basi, umwachie." Baba aliweka kijiko chini. "Siku nukta yangu ikidanganya," alisema, "nitaitundika ovaroli kwenye msumari mwenyewe, na sitasubiri kuambiwa. Nitakaa hapo kibarazani nihesabu wapita njia. Lakini kabla ya siku hiyo, mtu asinitajie neno pumzika." Mama akaendelea kupakua. Binti moyoni alifurahi, maana hakusomea ufundi ili achukue nafasi ya baba yake. Alisoma ili asimame kando yake. Miaka yote ya chuo alijiona hivyo: wawili chini ya boneti moja, yeye na mita, baba na kichupa.

Aliona pia kwamba baba hakuvaa tena mashati yenye vifungo, na kwamba chai alikuwa akiinyanyua kwa mikono yote miwili kama mtu anayeota moto. Aliona, akaviweka vitu hivyo mbali mbali kama vitu visivyojuana.

"Haya, Injinia," Redio alisema akifungua boneti, "tuoneshe mambo ya chuo."

Binti alipima betri. Volti kumi na mbili na ushei, betri nzima yenye afya. Mkunga alizungusha ufunguo: tik. Sauti yenyewe ilikuwa safi, moja tu, kama mtu aliyegonga meza kwa ukucha akasahau alichotaka kusema.

"Betri imekufa," Redio alisema.

"Betri ni nzima. Angalia."

"Mita yako inajua volti, dada'ngu, haijui maisha."

"Tuangalie nyaya za ethi kwanza," binti alisema. "Moto ukikosa njia ya kurudi, stata haizunguki."

Wakaangalia. Waya mweusi uliotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari ulikuwa safi, umebana. Wa pili, ule mnene wa kusukwa unaounganisha bodi na injini, ulikuwa chini karibu na giaboksi. Redio aliinamisha kichwa, akamulika kwa kurunzi.

"Una nukta," alisema.

"Niliufunga mwenyewe baada ya klachi," baba alisema kutoka nyuma.

Basi wakaendelea mbele.

Redio akasogeza lori, akaleta nyaya za kushtulia gari. Nyekundu aliibana kwenye nyekundu. Nyeusi, kwa kuwa mkono ulikuwa hauufikii vizuri upande ule wa betri, aliibana kwenye chuma kilichochomoza kwenye injini. Mkunga akazungusha ufunguo, na gari likanguruma papo hapo, bila hata kukohoa.

"Nilisema nini?" Redio alipiga makofi. "Nilisema nini mimi? Betri! Leteni betri nyingine, tukale."

Wakazima, wakafunga betri mpya kutoka stoo. Mkunga akazungusha ufunguo.

Tik.

Redio aliitazama betri mpya kwa jicho la mtu aliyetukanwa na mgeni. "Rudia."

Tik.

"Huenda na hiyo ni mbovu," alisema, lakini kwa sauti ndogo. Binti akaipima. Ilikuwa nzima kuliko ya kwanza.

Wakarudisha ya zamani, wakaamua kushtua tena kwa lori, maana njia hiyo angalau ilishakubali. Safari hii binti ndiye aliyeshika nyaya, na kwa kuwa chuo kilimfundisha usafi, alihangaika mpaka akaibana nyeusi kwenye kichwa cheusi cha betri, mahali pake hasa. Tik. Wakatazamana. Lori lile lile, nyaya zile zile, gari lile lile, na robo saa haijapita tangu lingurume.

"Limebadilisha mawazo," mkunga alisema kutoka kwenye usukani.

"Labda linamtaka Redio," baba alisema, wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasioelewa.

Wakafungua stata, ile mota ya kuiamsha injini. Kazi hiyo ilikula muda, kwa sababu stata ilikaa mahali ambapo mtu hana budi kuipapasa bila kuiona. Walipoiweka sakafuni na kuipa moto moja kwa moja ilizunguka kwa nguvu, ikaruka kama kuku aliyekanyagwa, mpaka Redio akaikanyaga kwa buti. Stata nzima. Wakaifunga tena. Tik.

Hapo mambo yakazidi kwenda kombo. Redio, akijaribu kupitisha mkono kutafuta fyuzi, alipiga yowe na kuutoa mkono akiupuliza.

"Waya wa akseleta umeniunguza!"

"Akseleta?" binti aliuliza. "Ule wa pedali ya mafuta? Ule hauna umeme, ni kamba tu ya chuma."

"Basi iguse hiyo kamba yako."

Akaigusa. Ilikuwa ya moto kama mpini wa sufuria. Akasimama pale, kidole mdomoni, akihisi kila alichojua kinamtoka kichwani kimoja kimoja. Betri nzima, gari haliwaki. Betri ya lori ile ile, mara inawasha, mara haiwashi. Stata nzima haizunguki. Na sasa kamba isiyohusika na chochote imechemka kama imeota homa. Alimtazama baba. Baba alikuwa akiitazama injini jinsi mtu anavyomtazama ndugu yake anayemjibu kwa lugha ngeni.

"Sijaliona hili," alisema baba. "Miaka yote hii, sijaliona." Akaufikicha mkono wa kulia kwenye ovaroli. "Kuleni kwanza."

Binti hakwenda kula. Mkunga alikuwa ameketi kwenye tairi, mkoba magotini, anatafuna karanga na kuwapigia simu wajawazito wake mmoja mmoja kuwauliza kama yupo anayesikia uchungu. Redio alirudi chini ya lori, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa kimya. Baba alikuwa nyuma, bombani. Binti alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari, akachora.

Mwalimu wake mmoja wa chuo alikuwa mkali wa jambo moja: umeme usiuulize kama upo, uulize unapotelea wapi. Basi akauchora moto kama msafiri. Unatoka kwenye betri, kichwa chekundu. Unaingia kwenye stata. Unaizungusha. Unatokea kwenye injini. Halafu? Halafu unataka kurudi nyumbani, kwenye kichwa cheusi. Kutoka injini unapita kwenye bodi, kutoka bodi unafika betri. Na ukikuta daraja la injini na bodi limekatika, utatafuta vichochoro: utapita kwenye kitu chochote cha chuma kinachogusa pande zote mbili, hata kama ni kamba nyembamba ya akseleta. Utaichemsha kamba ya watu.

Penseli ilisimama. Akakumbuka Redio alipoibana nyeusi kwenye injini, gari likawaka. Yeye alipoibana kwenye betri, likakataa. Redio alikuwa amewapa daraja bila kujua, kwa uvivu wa mkono, na yeye akaliondoa kwa usafi.

Akainuka, akaweka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cheusi cha betri na wa pili kwenye bodi. "Dada mkunga, nizungushie." Tik. Sifuri. Akauhamisha ule wa pili kwenye injini. "Tena." Tik. Tisa. Volti tisa zinapotea mahali ambapo haikupasa ipotee hata moja. Alirudia mara tatu, akitamani mita ikosee.

Kati ya bodi na injini palikuwa na kitu kimoja tu.

Alilala chini kwenye kipande cha boksi, akajisukuma, akamulika. Ule waya mnene wa kusukwa ulikuwa mahali pake. Na nati yake ilikuwa na nukta, nyeupe, ya kwao. Binti aliitazama muda mrefu. Nukta za baba alizifahamu tangu utotoni, zilikuwa mviringo kamili kama chembe ya mtama. Alipokuwa mdogo alizihesabu kwenye magari akidhani ni macho. Hii ilikuwa na mkia. Rangi ilikuwa imeburuzwa kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha pembeni, kama kiluwiluwi anayekimbia.

Hakuwahi kuigusa nati yenye nukta. Akanyoosha mkono, akaishika kwa vidole viwili, na ikazunguka. Ilizunguka kwa wepesi, kama kifuniko cha chupa iliyokwisha kufunguliwa.

Palepale alipolala, spana ilikuwa karibu na kiwiko chake. Angeikaza kwa sekunde tatu. Gari lingewaka, angesema kichwa cha betri kilikuwa kinacheza, Redio angedai ushindi kwa kuwa alisema betri, baba angecheka, na ovaroli ingebaki mwilini mwake. Hakuna ambaye angejua. Spana alikuwa ameshaikamata.

Kisha akafikiria kwamba nati hii imeshika waya tu. Zipo zilizoshika magurudumu. Zipo zilizoshika breki. Nazo zina nukta, na kwa kuwa zina nukta hakuna fundi wa hapa atakayezigusa.

Akaiweka spana chini. Akatoka chini ya gari, akaenda nyuma.

Baba alikuwa bombani, ameshika kipande cha sabuni kwa mkono wa kushoto na kuusugua wa kulia kana kwamba si wake.

"Baba."

"Mm."

"Ile ethi ya injini."

"Ina nukta ile."

"Ina nukta, baba. Na inazunguka."

Maji yaliendelea kumwagika. Baba aliyafunga, kwa mkono wa kushoto. Akamfuata binti, akalala kwenye lile boksi kwa kujikunja taratibu, na binti akalala upande wa pili, wakawa wawili chini ya gari moja. Baba akaipeleka mikono juu. Wa kulia ukaishika nati.

"Imekaza," alisema, kwa ahueni.

"Jaribu kwa kushoto."

Akajaribu kwa kushoto. Nati ikazunguka. Akarudia wa kulia, vidole vikaikamata, vikasimama pale pale. Wa kushoto, ikazunguka. Alirudia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, macho yakihama kutoka mkono huu kwenda ule.

"Spana ilisimama," alisema. "Nakumbuka. Nilivuta mpaka ikasimama, nikatia nukta."

"Ni mkono uliosimama, baba. Si nati."

"Nitajuaje?" aliuliza, na halikuwa swali la ubishi. "Mtu atajuaje? Mimi nilihisi imesimama."

Hilo halikuwa limefundishwa chuoni.

"Jamani," mkunga aliita kutoka juu, "nizungushe au nisizungushe?"

"Subiri kidogo, dada," binti alisema.

Viatu vya Redio vikasimama kando ya gari. "Mmelala huko? Mzee, umempata mchawi?" Akainama na tabasamu lake, akaona nyuso zao, akaona vidole vya kushoto vya mzee vikiizungusha nati, na tabasamu likashuka. Redio akazimika.

"Nipe kitambaa chenye petroli," baba alimwambia. Akapewa. Akaifuta nukta, mkia kwanza, kisha kichwa. "Kaza," akamwambia binti. Yeye akageuza uso pembeni na kufumba macho, kama mtu anayesikiliza mlango. Spana ikavuta. "Bado. Vuta. Robo nyingine. Umesikia ilivyolia? Ikilia hivyo bado kidogo. Sasa. Acha."

Mkunga alizungusha ufunguo. Gari likawaka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkunga alitoa kichwa dirishani akiwa amejiandaa kushangilia, akawaona, akakirudisha ndani. Hakuzima. Aliogopa.

Baba alisimama, akajipangusa magoti, akaanza kuivua ovaroli mabegani. "Nilisema," alisema. "Mama yako alisikia, na wewe ulisikia."

"Tangu lini, baba?"

"Nini?"

"Nukta kama ile. Tangu lini?"

Alisimama, mkono mmoja ndani ya ovaroli, mmoja nje. "Sijui," alisema. "Ndiyo inayonitisha. Ningeijua siku, ningehesabu kuanzia hapo. Sijui, mwanangu. Kila moja nilihisi imekaza."

Redio alikuwa amekwenda kwenye gari la kijani lililokuwa uani likisubiri mwenyewe, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. "Hili alilifunga juzi," alisema. Binti akamfuata. Nati tano, nukta tano, na zote zilikuwa na mikia, nyingine mirefu, nyingine mifupi. Redio alitia spana. Ya kwanza ikakubali robo. Ya pili ikakubali zaidi. Ya tatu hakuijaribu. Alikaa kitako chini.

"Na lori?" binti aliuliza. "Breki za lori zilifungwa lini?"

"Kabla hujaja. Miezi minne, mitano."

Akakimbilia kwenye lori, akamulika ndani ya gurudumu. Nukta zilikuwa mviringo, safi, macho yale yale ya utotoni. Redio akaja na spana akaning'inia juu yake kwa uzito wote. Haikusogea hata unywele.

"Baba!" Alirudi anahema. "Nukta zako zinaonesha zenyewe. Za mviringo zimekaza. Zenye mkia ndizo za tangu mkono ulipobadilika. Hatuna haja ya kujua siku. Tukiliona gari tutajua." Kisha, kwa sababu alikuwa na moyo ambao haukuweza kuliacha jambo lenye maumivu bila kuliwekea kitu laini chini yake, akaongeza: "Hazikudanganya, baba. Zilisema. Sisi ndio hatukuzisoma."

"Usinipambie," baba alisema, si kwa ukali. "Aliyezitia alikuwa anaziona ni za mviringo."

Binti akainamisha macho. Hakujua kama amemsaidia au amemwongezea.

Baba aliuchomoa mkono mwingine, ovaroli ikaanguka mpaka kiunoni. Akaenda kwenye meza, akachukua daftari la kazi, akalifungua miezi mitatu nyuma, akapitisha kidole cha kushoto kwenye majina ya wateja.

"Nipige mimi, mzee?" Redio aliuliza.

"Ulitia nukta wewe?" Akachukua simu. "Haloo. Mwalimu? Mimi wa gereji. Hapana, hujasahau kitu hapa. Mimi ndiye niliyesahau. Uko wapi? Basi paki hapo hapo, usiliendeshe. Ndiyo, hata kama linakwenda vizuri. Fundi wangu anakuja." Akamtazama Redio, na Redio akawa ameshabeba spana zake. "Mpe salamu mama watoto."

Alipiga ya pili, na ya tatu. Mmoja alifoka mpaka waliosimama mbali wakasikia, baba akaisogeza simu kutoka sikioni, akasubiri, akairudisha. "Una haki," akasema. "Paki tu."

Mkunga alikuwa ameshuka. Redio alikuwa amezikaza nati zake zote zenye mkia kabla ya kutoka, nalo gari liliendelea kunguruma nyuma yake, kwa kuwa aliapa halizimi mpaka afike kwake. Alingoja simu iishe. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu asubuhi: aliuweka mkoba chini. Akauchukua mkono wa kulia wa baba, akaugeuza kiganja juu, akaupapasa kifundoni kwa dole gumba.

"Ulianza lini?" aliuliza.

"Sijui."

"Asubuhi ukiamka, au ukishafanya kazi?"

"Asubuhi zaidi. Mchana unakuwa mzima. Nadhani unakuwa mzima."

"Unakuja na kuondoka."

Baba alimtazama, na kitu kama kicheko kikampita usoni. "Unakuja na kuondoka," alisema.

"Umeonwa na daktari?"

"Umeonwa na mke wangu."

"Kesho asubuhi nakupitia na gari hili hili. Si kwangu, kwangu wanazaliwa tu. Nakupeleka kwa anayejua mikono. Huenda ni mshipa umebanwa, huenda ni kingine, mimi sijui na sitakudanganya. Lakini kitu kinachokuja na kuondoka lazima kitafutwe kinapotelea wapi." Akauokota mkoba wake, akaingia garini, akaondoka bila kulizima, na akapiga honi kwenye kona.

Uani lilibaki gari la kijani lenye mikia mitano, na nafasi tupu za magari yatakayorudi. Kwenye ukuta, karibu na mlango wa stoo, palikuwa na msumari. Binti aliona baba anavyoutazama. Alitaka kusema kitu kuhusu msumari ule, akakosa. Kila sentensi aliyoianza kichwani ilikuwa na mapambo.

Akachukua spana, akachuchumaa kwenye gurudumu la kijani, akaanza kuvuta nati ya kwanza. Ilikubali robo. Akavuta tena. Hakujua kama imetosha. Kwa mita angejua, kwa mkono hakujua.

"Bado," baba alisema nyuma yake.

Akavuta.

"Umesikia? Inalia. Kidogo tu. Hapo."

Akaivuta ya pili, na baba akasogea akasimama juu yake, kichwa kimeinama, sikio likielekea spana. Walikwenda hivyo mpaka ya tano. Binti alipoinuka, baba alikuwa ameipandisha ovaroli mabegani tena, mikono yote imo, na vifungo vimeachana kifuani kama alivyoviacha kwa miezi mitatu. Hakumtazama. Alikuwa anautazama msumari.

"Nifungie vifungo hivi," alisema. "Msumari usubiri mpaka gari la mwisho lirudi. Mwalimu anakuja na Redio, sitaki anione kifua wazi."

Binti akasimama mbele yake, akaanza na cha juu. Vidole vyake vilikuwa na grisi, na kifungo cha tatu kilimponyoka mara mbili.

"Bado," baba alisema.